Draya Inasingiziwa

Mtu aliyelelewa Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kufundishwa nguo hukaukaje. Anajua kwamba wakati wa kaskazi kanga zilizoanikwa asubuhi huanuliwa kabla ya adhuhuri, hata mawingu yakitanda, maadamu upepo unapiga. Anajua pia kwamba wakati wa masika, joto likiwa lile lile la kumtoa mtu jasho kivulini, shuka linaweza kushinda kambani siku mbili na bado likaanuliwa linanuka uvundo. Joto lilikuwepo siku zote mbili. Kilichokosekana ni hewa kavu ya kupita na kuondoka na maji.

Elimu hiyo huachwa uwanja wa ndege. Familia ikishahamia Columbus, Minneapolis au Toronto, kamba ya uani inageuka kuwa sanduku jeupe la chuma lililokaa kwenye kijichumba kando ya jiko, na sanduku hilo likianza kutoa nguo mbichi baada ya saa nzima ya kuzunguka, kauli inayosikika ni moja: “Draya imeisha moto.” Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, waliokua na mashine hizi nyumbani, husema vivyo hivyo kwa lugha yao. Koili imekufa, wanasema. Mashine imezeeka. Inunuliwe nyingine.

Imani hiyo imekaa muda mrefu kwa sababu ina wanaofaidika nayo. Muuzaji wa vyombo vya nyumbani haulizi bomba la kutolea hewa lina urefu gani; anauliza mteja anataka rangi gani. Fundi anayelipwa kwa kipuri hana haraka ya kutambaa nyuma ya mashine na tochi. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi: mwenye nguo mbichi anakasirika, analipa mamia ya dola, na wiki hiyo hiyo mashine mpya inaunganishwa kwenye bomba lile lile lililoziba. Miezi michache baadaye anaanza kulalamika kwamba mashine za siku hizi hazina ubora.

Mashine inasingiziwa. Draya kwanza ni chombo cha kupitisha hewa, na joto ni msaidizi wake tu. Inapochelewa kukausha huku joto likiwepo, pa kuanzia ni njia ya hewa, kuanzia mlango wa kijichumba hadi kifuniko kilichoko ukutani nje. Anayeanza na koili ameanza mwisho.

Umbo la mashine lenyewe ni ushahidi. Ndani ya draya ya kawaida ya Marekani mna pipa linalozunguka, koili ya umeme yenye nguvu ya wati 5,000 hivi au kichomeo cha gesi, na feni. Feni huvuta hewa ya chumbani, ikapita kwenye koili na kupata moto, ikaingia pipani kati ya nguo, ikapenya chujio, kisha ikasukumwa kwenye bomba la inchi 4 hadi nje ya nyumba. Bomba likiwa safi, feni hupitisha futi za ujazo 150 hivi kwa dakika. Pipa la kawaida lina futi za ujazo 7. Maana yake, hewa yote iliyomo pipani hubadilishwa kila baada ya sekunde tatu hivi, na ndivyo inavyopaswa kuendelea kwa muda wote wa kukausha.

Kwa nini ibadilishwe mara nyingi hivyo? Kwa sababu hewa ina kiasi chake cha kubeba. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la selsiasi 60 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 130 hivi za mvuke, ikijaa, imejaa. Nguo zilizotoka kwenye mashine ya kufulia na kilo 3 za maji zinahitaji basi, hata kwa hesabu ya ukarimu kabisa, mita za ujazo 23 za hewa ya moto kuyachukua maji hayo. Pipa zima halifiki hata robo ya mita moja. Hewa isipotoka, pipa linakuwa chungu kilichofunikwa: moto upo, mvuke upo, na kilichomo ndani kinachemka badala ya kukauka.

Hapo ndipo watetezi wa nadharia ya moto hutoa hoja yao kubwa. Husema: tazama, nguo zinatoka na fukuto lakini bado mbichi, kwa hiyo moto uliopo hautoshi. Ukweli ni kinyume. Nguo yenye moto na ubichi kwa pamoja ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba hewa imekwama. Joto liliifikia nguo, likayageuza maji kuwa mvuke, na mvuke ukakosa pa kwenda. Koili iliyokufa haitoi nguo zenye fukuto. Hutoa nguo baridi kama zilivyoingia.

Dalili nyingine husimama upande huo huo. Kifuniko cha juu cha mashine kinachoma mkono. Kioo cha dirisha la chumba kinatoa jasho. Kuna harufu ya kitu kinachokaribia kuungua. Chujio kilichokuwa kikitoa tandiko zito la vumbi la nguo kila mara sasa kinatoa utando mwembamba, na mwenye nyumba anafurahi akidhani nguo zake zimeacha kuchakaa, kumbe hewa haina tena nguvu ya kulifikisha vumbi hilo kwenye chujio. Hakuna hata moja kati ya dalili hizi inayosema joto ni dogo. Zote zinasema joto limekosa njia.

Nini hutokea kwa koili wakati huo? Draya ina thamostati zinazoilinda. Hewa ikipungua, eneo la koili linapata moto kupita kiasi, thamostati inakata umeme, eneo linapoa, umeme unarudi, unakatwa tena. Koili ya wati 5,000 inaishia kufanya kazi kwa vipindi. Kuweka koili mpya mahali pa ile ya zamani hakubadilishi chochote, kwani mpya nayo itazimwa na thamostati ile ile kwa sababu ile ile. Ni sawa na kuongeza kuni jikoni huku bomba la moshi limezibwa kwa matambara.

Kisa cha fyuzi ya joto kinaonyesha vizuri zaidi. Hiki ni kipuri kidogo kisichozidi kidole, kinachofungwa kwenye njia ya hewa. Kwenye draya nyingi kimewekwa karibu na feni na hukata kinapofikia selsiasi 91 hivi. Kikikata hakirudi; lazima kibadilishwe. Kwa baadhi ya mashine kukatika kwake huzima kila kitu, kwa nyingine huzima joto peke yake. Fundi mwenye haraka anapima, anakuta fyuzi imekatika, anaweka nyingine kwa bei ya chakula cha mchana, na anaondoka akiwa shujaa. Wiki sita baadaye fyuzi inakatika tena. Fyuzi ya pili ikikatika, mwenye mashine anaambiwa draya ina “tatizo la umeme”. Fyuzi haikuwa na tatizo hata mara moja. Ilifanya kazi iliyotengenezewa: ilipiga ukelele kwamba hewa haitoki.

Hoja ya pili inayopaswa kukataliwa ni ile ya watu waangalifu: “Sisi husafisha chujio kila siku.” Ni tabia nzuri, na anayeiacha anatafuta balaa. Lakini chujio hukamata sehemu tu ya vumbi. Linalobaki hupita, hujikusanya kwenye kasha lililo chini ya chujio, hujishika kwenye mapanga ya feni, kisha hulala bombani, hasa kwenye kona, mahali hewa inapopunguza mwendo. Mvuke ukigusa bomba lililo baridi wakati wa baridi kali, vumbi linalowa na kuganda ukutani mwa bomba kama ugali uliokaukia sufuriani.

Zaidi ya hapo, chujio kinachoonekana safi kinaweza kuwa kimeziba. Vile vitambaa vyenye marashi vinavyotupwa pipani ili nguo zilainike huacha utando wa nta juu ya wavu wa chujio, utando usioonekana kwa macho. Kipimo chake kipo kwenye sinki la jikoni: chujio kishikwe chini ya bomba la maji. Maji yakipita mara moja, wavu uko wazi. Yakituama juu yake kama kwenye sahani, wavu umezibwa, na dawa ni sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Watu hushtuka wanapoona maji yamesimama juu ya kitu walichokuwa wakikiita safi kila siku.

Hoja ya tatu ndiyo yenye hatari kuliko zote: kwamba bomba ni bomba, na lolote litakalofika ukutani linafaa. Nyuma ya draya nyingi za nyumba za kupanga kuna mpira wa mikunjo uliotengenezwa kwa karatasi ya alumini au plastiki, umevutwa kama kinanda cha mkono na kubanwa na mashine hadi umekuwa bapa. Kila mkunjo ni kidaraja cha kukamatia vumbi. Plastiki ikishika moto inayeyuka na kuupeleka ukutani. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa imewashauri wananchi kwa miaka mingi kuondoa mabomba ya namna hiyo na kuweka ya chuma, magumu au yenye mikunjo ya chuma imara.

Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo ziko wazi. Bomba liwe la chuma, laini kwa ndani, la inchi 4. Skrubu za kuliunganisha zisichomoze ndani, kwa sababu kila ncha ni mwiba wa kushikia vumbi. Mdomo wa nje uwe na kifuniko cha kujifunga chenyewe, lakini usiwe na wavu. Urefu usizidi futi 35, na kila kona ya nyuzi 90 ihesabiwe kuwa futi 5. California ni wakali zaidi: futi 14 pamoja na kona mbili, basi.

Hesabu hiyo ya kona ndiyo inayowaumbua wengi. Zamani mashine za kufua ziliwekwa ghorofa ya chini kabisa, zikiwa zimeegemea ukuta wa nje. Siku hizi wajenzi huziweka katikati ya nyumba au ghorofani karibu na vyumba vya kulala, kwa raha ya mwenye nyumba. Chukua bomba lenye urefu wa futi 28 linalopanda, kukata kushoto darini, kisha kukata tena kuelekea ukutani, kona tatu kwa jumla. Ishirini na nane na kumi na tano ni arobaini na tatu. Bomba hilo limezidi kipimo kwa futi 8 kabla halijaingia hata punje ya vumbi. Draya itakayofungwa hapo, iwe ya bei gani, itazaliwa na pumu.

Kuhusu wavu, huwekwa kwa nia njema, kuzuia ndege na panya. Matokeo yake ni blanketi la kijivu linalofunika mdomo wa bomba ndani ya miezi michache. Bila kifuniko kabisa, ndege huingia na kujenga kiota katika bomba lenye joto, na ni nani atawalaumu? Ndiyo maana kifuniko cha kujifunga chenyewe kilibuniwa.

Upande wa pili wa njia ya hewa husahaulika kabisa. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Draya iliyofungiwa kwenye kabati lenye mlango mzima hunyonya ombwe. Hufungua kinywa ikakosa cha kuvuta. Kanuni zinataka kabati lililojengwa kwa ajili ya draya liwe na uwazi usiopungua inchi 100 za mraba, ndiyo sababu milango ya makabati hayo huwa na mbao za mshazari. Mpangaji anapobandika pazia au kurundika mifuko ya nguo za msimu ujao mbele ya mbao hizo, ameiziba mashine pua.

Haya yote yangekuwa ugomvi wa nguo mbichi tu kama si moto. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 moto 2,900 kila mwaka katika makazi ulitokana na draya, ukiua watu 5, kujeruhi 100 na kuteketeza mali ya dola milioni 35 kwa mwaka. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Mwezi uliokuwa na moto mwingi kuliko yote ni Januari, wakati nguo ni nzito na kila nyumba imefungwa dhidi ya baridi. Hizo ndizo takwimu za chombo ambacho watu husema kinaungua kwa sababu “kina moto mwingi”. Vumbi la nguo ni kiberiti kilichochambuliwa tayari. Wapiga kambi wa Marekani hulibeba makusudi kuwashia kuni.

Haki lazima itendwe kwa upande wa pili. Zipo mashine zilizokuwa na kasoro ya kweli. Agosti 2016 moto ulizuka katika jengo la ghorofa 18 la Shepherd's Court, magharibi mwa London, na kikosi cha zimamoto cha jiji hilo kikahitimisha kuwa ulianzia kwenye draya yenye kasoro. Kampuni ya Whirlpool ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2015 kwamba katika mamilioni ya draya zake zilizouzwa Uingereza vumbi la nguo lingeweza kugusa koili, na mwaka 2019 zilizosalia bila kurekebishwa zikaagizwa kurejeshwa. Hakuna mtumiaji wa kulaumiwa hapo. Lakini hata katika kisa hicho, kasoro yenyewe ilikuwa mahali vumbi linapokwenda. Koili haikushtakiwa kwa udhaifu.

Vilevile, joto hukatika kweli mara nyingine. Draya ya umeme ya Marekani hutumia volti 240 zinazoletwa na nyaya mbili za moto, ilhali mota yake kwa kawaida hutosheka na volti 120. Waya mmoja ukikatika, au upande mmoja wa swichi ya saketi ukianguka, pipa litazunguka, taa itawaka, na nguo zitabaki baridi. Koili nayo hukatika. Ndiyo maana mabishano haya hayana haja ya kumalizwa kwa maneno, yana kipimo.

Kwa draya ya umeme, na ya umeme peke yake, kipimo hicho huchukua nusu saa. Mashine izimwe, ichomolewe, ivutwe mbele, bomba lifunguliwe nyuma, kisha irudishiwe umeme na kuwashwa ikiwa na taulo chache mbichi. Mkono ukiwekwa kwenye tundu la nyuma na kusukumwa na upepo mkali wa moto, taulo zikakauka vizuri, kesi imekwisha: mashine ni nzima, bomba ndilo lenye makosa. Upepo ukiwa dhaifu hata bomba likiwa limefunguliwa, kizuizi kiko ndani, kwenye chujio, kwenye kasha lake, au kwenye feni iliyomeza soksi ya mtoto. Upepo ukiwa mkali lakini baridi, hapo ndipo fundi wa koili na fyuzi ana kazi halali. Draya ya gesi haifanyiwi jaribio hili kamwe, kwa kuwa hewa yake hubeba monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Bomba la draya hiyo hukaguliwa na mtu mwenye leseni.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwamba draya za pampu ya joto hazina bomba kabisa. Ni kweli zinasambaa. Uswisi iliziba soko kwa aina nyingine tangu 2012. Hata hivyo nazo huzungusha hewa, huwa na vichujio na mapezi membamba ya kupozea mvuke, na mapezi hayo yakijaa vumbi nguo hutoka mbichi vile vile. Bomba limeondoka, kanuni imebaki.

Anayeumizwa zaidi na nadharia ya moto ni mpangaji. Bomba lililopita ndani ya ukuta si lake. Hawezi kulikata, kulipanua wala kulifupisha. Anachoweza kufanya ni kuandika barua, na barua inayosema “draya ni mbovu” humpa mwenye nyumba ruhusa ya kuleta mashine iliyotumika na kufunga kesi. Barua inayosema “bomba la draya lina futi kadhaa na kona kadhaa, halijasafishwa tangu tuhamie, na kifuniko cha nje hakifunguki” ni barua nyingine kabisa. Inataja kitu kinachoweza kupimwa, kinachotajwa na kanuni za ujenzi, na kinachoweza kuchoma jengo zima. Mwenye nyumba mwenye bima anaielewa.

Mafundi nao wana deni. Hakuna stakabadhi ya matengenezo ya draya inayopaswa kuandikwa bila mistari miwili: urefu wa bomba pamoja na kona zake, na hali ya upepo kwenye mdomo wa nje. Fundi anayeweka fyuzi bila kwenda nje kutazama kifuniko ameuza kipuri; hajatengeneza kitu.

Safari hiyo ya nje ni fupi. Jumamosi moja, mashine ikiwa inazunguka, mtu avae koti, azunguke nyuma ya jengo hadi kwenye kile kifuniko cha mapezi kilichoko ukutani. Mapezi yakiwa yamenyanyuka na hewa ya moto yenye harufu ya sabuni inampiga usoni, arudi ndani na amani. Yakiwa yamelala, huku uzi wa vumbi la kijivu ukining'inia pembeni, asipige simu dukani. Aizime mashine kwanza, kisha aanze kuhesabu kona.